SAMAKI WA ULAYA NA TUMBO LA KIBARUA

Ndugu wafanyakazi,

Wengine wenu mtauliza, huyu mtu wa reli ana habari gani na samaki? Kazi yake ni mataruma na misumari, samaki awaachie wavuvi. Nawajibu hivi. Mimi nakaa Kisumu, na mji huu ulianzishwa na reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Hapa nyumba moja ina mtu wa reli, mtu wa samaki na mtu asiye na kazi, na wote hula katika sufuria moja. Samaki wakikosa soko, mshahara wangu wa reli hugawanywa vipande vingi mpaka hauonekani. Kwa hiyo habari hii ni yangu, na ni yenu pia.

Majuzi palikuwa na baraza katika bichi moja hapa karibu. Bwana mmoja alisimama akatueleza habari za kufuga ngege katika vizimba ziwani, kuwagandisha, na kuwauza Ulaya na Marekani ambako bei ni nzuri. Maneno yake yalikuwa mazuri, nami nilifurahi. Lakini mwisho akasema, "Masoko yale ni makali sana, na kitu kitakachotuharibia ni uchafu wa wafanyakazi." Watu wakapiga makofi. Hata vibarua wenyewe walipiga makofi! Mimi sikupiga, na leo nataka kuwaambia sababu.

Shemeji yangu alifanya kazi ya kukata minofu katika kiwanda kimoja. Sikitaji jina. Alikuwa kibarua zaidi ya mwaka mmoja, kila asubuhi anasimama langoni kungoja kuitwa. Siku moja alifika tumbo linamwendesha, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu akamwambia msimamizi. Msimamizi akasema, "Vizuri umesema, sheria haikuruhusu kugusa samaki. Nenda nyumbani." Akaenda siku nne, bila senti moja. Aliporudi, mahali pake palikuwa na mtu mwingine, akangoja langoni wiki nzima. Miezi michache baadaye tumbo likamshika tena. Je, ndugu, mnadhani safari hii alisema? Hakusema. Alimeza vidonge, akafunga kitambaa kiunoni, akasimama mezani akakata samaki wa Ulaya mpaka jioni. Mwenye njaa hana miko.

Sasa niambieni, ni nani aliyetia hatari katika samaki wale? Ni yule mama, au ni yule aliyemfundisha kwamba ukweli hulipwa kwa njaa?

Tuyatazame masharti yenyewe, maana wengi wetu huyasikia kwa midomo ya matajiri tu. Sheria ya usafi wa chakula ya Jumuiya ya Ulaya, namba 852 ya mwaka 2004, yasema kwamba mtu mwenye kuhara, au mwenye kidonda kilichooza, asiguse chakula palipo na hatari ya kukichafua. Tena yataka vyoo vya kutosha, mahali pa kunawia mikono penye maji ya moto na ya baridi, na kitu cha kunawia. Yataka wafanyakazi wafundishwe kazi ya usafi. Sheria nyingine ya mwaka ule ule, namba 853, yataka samaki waliogandishwa wakae katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, na wakiwa safarini baridi isipungue zaidi ya digrii tatu, tena kwa muda mfupi tu.

Kwa samaki wa kufugwa kuna jambo jingine kubwa. Mbuta wa ziwani hakulishwa na mtu wala hakutibiwa na mtu. Lakini samaki wa kizimba ana mwenyewe, amenunuliwa chakula, na akiugua hupewa dawa. Kwa hiyo Ulaya huuliza, alikula nini? Alipewa dawa gani, na siku ngapi zilipita kabla ya kuuawa? Ziko dawa ambazo hawataki kuziona kabisa. Moja ni kloramfenikoli, ambayo kwa watu wachache yaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Nyingine ni rangi ya malakaiti ya kijani, ambayo baadhi ya wafugaji huitumia kuua ukungu katika mayai ya samaki. Haitoshi mwenye kizimba kuapa kwamba hakuzitumia. Serikali ya nchi lazima iwe na mpango wa kupima samaki kila mwaka, na Ulaya iukubali mpango huo. Nchi isiyo katika orodha yao haiuzi, hata samaki wake wakiwa safi namna gani. Kisha cheti cha afya hutiwa sahihi na afisa wa Serikali, si na mwenye mali.

Sisi watu wa reli twaielewa habari hii upesi. Garimoshi halingii katika njia moja bila ruhusa ya stesheni ya mbele. Dereva hawezi kusema, "Mimi naona njia ni nyeupe, nakwenda." Cheti cha samaki ndiyo ruhusa hiyo. Tena mnyapara wa gengi hangoji garimoshi lianguke ndipo atafute msumari uliolegea. Hutembea kila asubuhi akitazama mahali pa hatari: daraja, kona, mahali ambapo maji hula udongo. Wazungu wa chakula nao wanataka hivyo kiwandani. Ijulikane mahali pa hatari ni wapi, patazamwe kila siku, na iandikwe katika kitabu. Hiyo ni akili, si uchawi.

Wako wanaosema masharti haya yote ni hila ya kuzuia mali ya Mwafrika. Sikatai kwamba hila ziko. Mwishoni mwa mwaka 1997 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wabichi wa kwetu kwa sababu ya kipindupindu, na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1998 kwamba hatari ya ugonjwa ule kusafiri katika chakula cha biashara ni ndogo, na kuzuia chakula si dawa yake. Mlango ukafunguliwa katikati ya mwaka 1998. Hapo Ulaya ilituonea.

Lakini tusijidanganye kwamba kila mara tumeonewa. Mwaka 1999 mlango ulifungwa tena, safari hii kwa habari za watu kuvua kwa sumu ya wadudu. Wenzetu wa Uganda na Tanzania walifunguliwa kabla yetu, na sisi Kenya tulikuwa wa mwisho, mwaka 2000 ukielekea kwisha. Nilikuwa mtoto wa shule ya misheni wakati huo, nami nakumbuka wenzangu waliotoka darasani kwa kukosa karo. Aliyemwaga sumu majini alikuwa mmoja wetu. Samaki mmoja akioza huoza wote, na mtu aliyetia sumu ziwani alioza kwa niaba yetu sote. Mtu wa namna hiyo Chama kisimtetee hata kidogo.

Wala si sisi peke yetu tuliofungiwa. Januari 2002 Ulaya ilizuia bidhaa nyingi za wanyama kutoka China, kamba wa kufugwa wakiwa ndani yake, kwa sababu ya kloramfenikoli. Juni 2007 Marekani iliamuru samaki wa kufugwa wa namna kadhaa na kamba kutoka China wazuiwe bandarini mpaka mwenye mali aonyeshe kwamba hawana dawa zilizokatazwa. China ni nchi kubwa na yenye nguvu, lakini mlango ulimfungia. Basi tusiseme twaonewa kwa sababu ya rangi yetu tu.

Hapa nina swali jingine. Kwa miaka mingi sasa samaki wa kufugwa waliogandishwa kutoka China wanauzwa katika masoko yetu. Sisemi kwamba wana sumu. Nauliza, mlaji wa Marekani ana mtu wa kumpimia bandarini, mlaji wa soko la Kibuye anapimiwa na nani, na matokeo yameandikwa wapi? Na mbuta wetu je? Minofu huenda Ulaya katika barafu safi, na sisi hununua mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa, uliokaa juani na nzi. Nasi hukaanga na kula, tukishukuru. Katika misheni tulifundishwa habari za watu waliosafisha kikombe kwa nje na kuacha ndani kichafu. Nchi inayosafisha samaki wa wageni na kuwaacha wenyewe wale mabaki imefanya hivyo hivyo. Sabuni haina pasi ya kusafiria. Ikifaa Ulaya, yafaa Kisumu.

Sasa narudi kwa yule bwana wa baraza. Alisema uchafu wa wafanyakazi. Nami namwuliza: bichi ile aliyosimama ina choo? Ina bomba la maji? Mvuvi akitoka ziwani alfajiri anawa mikono kwa maji gani, kama si yale yale ya ziwa? Kibarua akipewa dakika chache za kwenda chooni na choo ni kimoja kwa watu wengi, atanawa saa ngapi? Garimoshi likianguka, swali la kwanza huwa, "Mnyapara alikuwa nani?" Hakuna anayeuliza ni nani aliyepunguza watu wa gengi. Katika samaki twasikia wimbo ule ule.

Matajiri watasema sharti hizi ni gharama kubwa. Ni kweli. Chumba cha baridi ni ghali, mashine za kupimia dawa ni ghali, umeme ukikatika jenereta hula mafuta. Lakini hizo gharama wanazilipa, kwa sababu mzungu wa Ulaya akija hutazama chumba cha baridi. Siku nne za ugonjwa za kibarua hawalipi, kwa sababu haziwekwi katika jokofu wala hazionekani. Lakini ugonjwa uliofichwa waweza kuharibu kontena nzima, na habari ya kontena moja hutumwa upesi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Ni ipi basi iliyo ghali?

Tena hatuombi sadaka. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inasema, kifungu cha 30, kwamba mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo, akileta cheti cha daktari, apewe siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Na kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja si kibarua tena, ahesabiwe kama mtu wa mwezi. Shemeji yangu alikuwa pale zaidi ya mwaka. Kwa hiyo zile siku nne alizolala njaa zilikuwa haki yake iliyoandikwa, naye hakujua, nami sikujua, na aliyejua alinyamaza.

Kwa hiyo, kabla ya samaki wa vizimba kupelekwa nje, sisi wafanyakazi tuseme mambo haya waziwazi:

1. Mtu anayeondolewa mezani kwa ugonjwa alipwe siku zake, na mahali pake pangoje. Hili ni jambo la usafi kabla ya kuwa jambo la mshahara.

2. Cheti cha afya cha wanaogusa chakula kilipiwe na kiwanda. Haifai kibarua atoe fedha za unga ili athibitishe kwamba yeye ni mzima.

3. Kila bichi ya kuteremshia samaki iwe na maji safi, choo na barafu, kabla ya mtu yeyote kuhubiri habari za uchafu.

4. Mfanyakazi wa kizimba afundishwe kwa lugha anayoielewa dawa zipi zimekatazwa, na akiamriwa kuzitia akatae bila kufukuzwa. Yeye ndiye atakayeulizwa kitabu kikikaguliwa.

5. Samaki wanaoliwa hapa nyumbani, wawe wetu au wa kuletwa, wapimwe kwa kipimo kile kile.

Nanyi ndugu wa viwandani na wa vizimba, jiungeni na Chama. Mtu mmoja akisema, "Ninaumwa, nataka haki yangu," huonyeshwa lango. Watu mia wakisema, lango huwa zito. Na ninyi wa reli msiseme hii si kazi yetu. Kila mwenye jirani wa samaki amsomee vifungu vile viwili, cha 30 na cha 37, jioni hii hii.

Nataka samaki wetu wauzwe Ulaya. Nataka cheti chetu kiheshimiwe mpaka mkaguzi wao aone aibu kukitilia shaka. Lakini cheti hicho ni ahadi kwamba aliyemshika samaki alikuwa mzima. Anayetia sahihi chini yake, huku akijua kwamba mgonjwa huadhibiwa kwa kusema kweli, ametia sahihi uongo.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mtu wa Gengi, Kisumu