TUTEMBEE, NA NJIA ZIACHWE WAZI

Wazee wetu walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Waliyasema hayo katika zama ambazo hapakuwa na haja ya kumhimiza mtu kutembea, kwa kuwa maisha yenyewe yalikuwa ni mwendo wa miguu. Mkulima alikwenda shamba kwa miguu. Mchumaji wa karafuu alipanda na kushuka vilima vya Pemba na pakacha lake. Na mtoto alikwenda chuoni na skuli kwa miguu hiyo hiyo. Methali ile ilikuwa onyo kwa mzururaji. Leo hatuna budi kuigeuza, kwani anayeliwa sasa ni yule asiyetembea.

Katika Visiwa vyetu maneno presha, sukari na kiharusi yamekuwa mazungumzo ya kila baraza. Sababu za maradhi hayo ni nyingi: zipo za urithi, za umri, za chumvi na za vyakula vya mafuta. Lakini ipo moja ambayo imo ndani ya uwezo wetu sisi wenyewe, nayo ni kwamba tumeacha kutembea. Tunapanda bodaboda kwenda dukani, tunapanda gari kwenda msikitini, tunakaa ofisini mpaka saa tisa na nusu, na tukirudi nyumbani tunakaa tena barazani hadi usiku.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alitangaza uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva walikaa kitini siku nzima, na makondakta walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Ilionekana kuwa makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Mwaka 2002 uchunguzi mwingine ulitangazwa Marekani, uliohusu watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Wale waliofuata utaratibu wa kupunguza uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na kwa wengi mazoezi hayo yalikuwa ni kutembea tu, walipunguza uwezekano wa kupata maradhi hayo kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge walipunguza kwa asilimia 31. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano za wiki. Nani kati yetu anayeweza kudai kwa haki kwamba hana nusu saa?

Mwenzetu mmoja wa meza hii aliambiwa na daktari wake kwamba sukari imempanda na kwamba asipobadilisha mwenendo atajuta. Alianza kutembea kila siku baada ya sala ya alfajiri. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani akihema na magoti yakimuuma. Mwezi wa tatu alikuwa akienda kilomita sita bila ya kupumzika. Tusidanganyane: sukari yake haikutoweka, na dawa zake anazo mpaka leo. Lakini usingizi umerudi, mkanda wake umeingia matundu mawili, na anasema amewajua watu wa mitaa ya jirani ambao kwa miaka ishirini alikuwa akiwapita kwa vespa bila ya kuwatolea salamu. Kwake yeye maisha yamegeuka, wala haikumgharimu ila jozi moja ya viatu.

Nasi tuna bahati ambayo wengi hawanayo. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi, na Pemba ni kifupi zaidi. Hapana mahali palipo mbali sana na mwenye kutaka kutembea. Mtu wa mjini anao msitu wa Masingini karibu naye. Mtu wa Chake Chake anaweza kuyaendea magofu ya Pujini kwa asubuhi moja, na mtu wa Konde anao msitu wa Ngezi mlangoni kwake. Jozani yumo kima punju, ambaye asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani tu. Wageni husafiri maelfu ya maili kuja kumwona, ilhali wengi wetu wenyeji hatujapata kuingia msituni humo hata siku moja. Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Mtembea bure huenda akaokota.

Hata hivyo, hatuwezi kuwahimiza wananchi watembee bila ya kuuliza watatembea wapi. Mwenzetu tuliyemtaja alikuta asubuhi moja kwamba njia aliyokuwa akiipita kuelekea mashambani imezibwa kwa ukuta mpya. Ilikuwa ni njia ya zamani, yenye minazi pande mbili, ambayo akina mama waliitumia kwenda kisimani na watoto kwenda skuli. Hakuna aliyeandika popote kwamba ni njia, na kwa hivyo hakuna aliyeitetea. Sasa wote wanapita pembeni mwa barabara kuu, bega kwa bega na magari.

Tunafahamu kwamba nchi imejaa. Hesabu ya watu ya mwaka 1978 ilionesha wakaazi 476,111 katika Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ilionesha 1,889,773, yaani karibu mara nne. Watu hao wanahitaji nyumba, na hoteli zinawapa vijana kazi. Hatupingi ujenzi. Tunachosema ni kwamba kiwanja kinaweza kupimwa na njia ikabaki, iwapo mpimaji ataambiwa mapema kwamba njia ipo. Ukuta ukishajengwa, kuubomoa ni ugomvi na gharama. Njia ikishasahauliwa, haina wa kuishuhudia. Na kwa kuwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 inaitambua ardhi kuwa ni mali ya umma, basi njia ya umma haiwezi kuwa ni hisani ya mwenye kiwanja.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila sheha akae na wazee wa shehia yake aziorodheshe njia zote za miguu, na orodha hiyo ifike wilayani kabla ya viwanja vipya kugaiwa. Pili, kila barabara inayojengwa au kutanuliwa itengewe pahala pa waendao kwa miguu, na ipandwe miti ya kivuli, kwani jua letu halina huruma. Tatu, zile njia zinazopita kwenye misitu na magofu ziwekewe alama na zisafishwe, ili mama na binti zake waweze kutembea kwa usalama na kwa heshima zao.

Kila tarehe 1 Januari tunaona viongozi na wananchi wakitembea pamoja katika tamasha la mazoezi ya viungo. Ni jambo jema, na tunalipongeza. Lakini mwaka una siku nyingine 364, na moyo wa binadamu hausubiri Januari. Tungependa kumwona ofisa akiliacha gari lake walau siku moja kwa wiki na kwenda kazini kwa miguu. Akifanya hivyo ataziona mwenyewe njia zilizozibwa, na hatutahitaji kumwandikia tena.

Nanyi wananchi, msingoje Serikali imalize orodha yake. Anzeni kesho alfajiri, kabla ya jua kupanda, kwa robo saa tu, na mwenye presha au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Kutembea ni juu ya kila mmoja wetu. Kuilinda njia ni juu ya wenye mamlaka. Kimoja kikikosekana, cha pili hakitatufikisha popote.