Kompyuta haijui nani alitangulia kufika

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo sina habari za simu mpya wala programu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu foleni. Naam, foleni! Foleni ya karakana moja ya kuchomelea vyuma hapa Rhonda, Nakuru, na jinsi ilivyonifundisha jambo ambalo chuo kikuu hakikunifundisha.

Tuanze mbali kidogo. Waliosoma sekondari Kenya watakumbuka linia programingi ya kidato cha nne. Unachora mistari kwenye karatasi ya grafu, unatia kivuli upande usiotakiwa, kisha unatafuta ile pembe yenye faida kubwa kuliko zote. Mtihani ukiisha, tunasahau. Ni hasara kubwa, maana hesabu hiyo ilizaliwa kiwandani, si darasani. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich wa Urusi ya Kisovieti aliichapisha baada ya kiwanda cha mbao za plaiwudi kumwuliza namna ya kugawa kazi kati ya mashine zake. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani akatunga mbinu ya simpleksi, inayoruka kutoka pembe hadi pembe bila kuzipitia zote. Walipoijaribu kwa swali la chakula cha bei nafuu kwa mtu mmoja, lenye aina 77 za vyakula na virutubisho 9, makarani wenye mashine za mkono walitumia kama siku 120 za kazi ya mtu mmoja. Leo kompyuta yako kuukuu inalimaliza hilo kabla hujapepesa jicho, na programu kama GLPK inapatikana bure.

Sasa, kuna swali linalofanana na hilo lakini ni kaka yake mkaidi: kupanga zamu ya kazi kwenye mashine. Unaweza kuchanganya kilo mbili na nusu za mahindi na robo kilo ya mashudu, hesabu ikakubali. Lakini kazi mbili zikigombania mashine moja, ni ama hii itangulie au ile. Hakuna nusu. Kazi 5 zinaweza kupangwa kwa njia 120. Kazi 10, njia 3,628,800. Kazi 15, zaidi ya trilioni moja!

Turudi karakanani. Fundi mmoja mtaani kwetu ana mashine moja ya kuchomelea na kompresa moja ya kupiga rangi. Kila kazi hupita kwanza kwenye moto, kisha kwenye rangi. Siku hiyo alikuwa na kazi 5, kwa mpangilio walivyofika wateja. Haya ni masaa ya kuchomelea, kisha ya rangi:

Mkokoteni: 5, kisha 1
Geti: 6, kisha 3
Kitanda: 3, kisha 4
Jiko: 1, kisha 2
Grili ya dirisha: 2, kisha 5

Ukifuata foleni ilivyo, kazi zote zinaisha baada ya masaa 25. Mpiga rangi anakaa masaa 5 akingoja mkokoteni, anafanya kazi saa moja, kisha anakaa tena masaa 5 akingoja geti. Mwishoni, mchomeleaji amemaliza kitambo na mwenzake bado ana masaa 8 ya rangi.

Mimi nikakumbuka kanuni ya Selmer Johnson ya mwaka 1954. Ni rahisi kama mchezo wa bao la watoto. Tazama namba zote, chukua iliyo ndogo kabisa. Ikiwa ni ya kuchomelea, kazi hiyo iende mbele. Ikiwa ni ya rangi, iende nyuma. Iondoe, rudia kwa zilizobaki. Kwa mashine 2 za kufuatana, Johnson alithibitisha kwamba hakuna mpangilio utakaomaliza kazi zote mapema zaidi.

Matokeo: jiko, grili, kitanda, geti, mkokoteni. Masaa 18! Mafundi ni wale wale, mashine ni zile zile, na masaa 7 yameokolewa kwa kalamu tu. Nikaenda kwa fundi kifua mbele, karatasi mkononi.

Mzee akaisoma taratibu. Akaniuliza, "Kijana, huyu wa mkokoteni mbona umemweka mwisho?"

Nikamwambia ndivyo hesabu inavyotaka.

"Ndiye aliyefika wa kwanza. Na huo mkokoteni ndio unaomlisha. Nimwambie nini, kwamba karatasi imekataa?"

Sikuwa na jibu. Kwenye foleni ya kawaida, mtu yule angeondoka baada ya masaa 6. Kwenye mpango wangu "bora," angengoja masaa 18. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Ilijibu swali nililoiuliza: kazi zote zitaisha lini? Sikuiuliza ni nani atakayelala njaa akisubiri.

Hapo ndipo penye maoni yangu leo. Sisi waandishi wa programu tunapenda sana neno "bora." Lakini hakuna ubora hadi mtu aseme bora kwa nani. Kile tunachoiambia kompyuta ipunguze au iongeze ni uamuzi kuhusu watu, hata kama tumeuandika kwa herufi mbili za aljebra. Na mara nyingi tunaufanya wenyewe, usiku, bila kumwuliza mwenye karakana.

Wengine watasema: basi, tuachane na hesabu, mzee aendelee kwa kuzoea. Hapana! Hilo nalo nalikataa. Nilirudi nyumbani nikahesabu tena: mkokoteni utangulie, na kazi 4 zilizobaki zifuate kanuni ya Johnson. Jiko, grili, kitanda, na geti mwisho. Unajua jumla? Masaa 20. Mwenye mkokoteni anaondoka baada ya masaa 6 kama alivyostahili, na karakana inapoteza masaa 2 tu, si 7.

Kwa hiyo hesabu ilifanya kazi ambayo huruma peke yake isingeweza: ilitupa bei ya haki. Masaa 2. Na pia ilionyesha ni nani anayelipa: mwenye geti, ambaye sasa ataipata baada ya masaa 20 badala ya 14 ya foleni ya kawaida. Nilipomwonyesha fundi, alicheka. Nyumba ya mwenye geti, akasema, haijafika hata kwenye lenta. Habari hiyo haikuwa kwenye namba zangu zozote. Ilikuwa kichwani mwa mzee.

Msidhani kompyuta kubwa ingetuokoa. Mwaka 1976 watafiti Garey, Sethi na Johnson mwingine walionyesha kwamba mashine 3 zikiingia kwenye mstari, swali hili linahamia kundi la maswali magumu ambayo hakuna ajuaye njia ya haraka ya kuyatatua yote. Kuna swali maarufu la kazi 10 na mashine 10 lililochapishwa mwaka 1963. Jibu lake bora lilithibitishwa mwaka 1989. Miaka 26! Ukishajua hivyo, unaacha kuabudu mpango uliokamilika. Unatafuta mpango mzuri ambao watu wataukubali.

Ushauri wangu kwa vijana wenzangu mnaotengeneza programu za kupanga foleni, ziwe za karakana, za zahanati au za bodaboda: kabla ya kuandika mstari wa kwanza, andika kwa Kiswahili cha kawaida nani atangoja na kwa nini. Msomee mwenye kazi. Akikunja uso, hujamaliza kuelewa tatizo. Kisha usimpe jibu moja. Mpe mawili au matatu, na bei ya kila moja, achague mwenyewe.

Fundi alichagua masaa 20. Mkokoteni ulitoka siku ile ile, rangi ya buluu ikiwa bado inanukia.

Haya, ngoja nichapishe kabla stima haijapotea. Tuonane tena, na safari hii sitakawia.