Tusinunue Kadi, Tukachanjwe

Ndugu zangu mnaosafiri, na ninyi mnaobaki nyumbani mkiwasubiri,

Machi 2016 wanaume wawili Wakenya walirudi Nairobi kutoka Angola wakiwa wagonjwa. Vipimo vikaonyesha homa ya manjano, na mmoja wao akafariki. Mlipuko wenyewe ulikuwa umeanza Desemba 2015 pale Viana, pembeni ya jiji la Luanda. Ukavuka mpaka ukaingia Kongo, ukafika Kinshasa, na hadi unazimwa watu wapatao 400 katika nchi hizo mbili walikuwa wameshakufa. Wachina 11 waliokuwa Angola nao walirudi kwao na ugonjwa huo, na wakawa wagonjwa wa kwanza kuthibitishwa katika bara zima la Asia.

Angola humdai kila mgeni cheti cha chanjo anapoingia. Sheria ilikuwepo na madawati ya ukaguzi yalikuwepo. Hata hivyo watu waliingia, wakafanya kazi zao, wakaumwa na mbu, wakaugua na kurudi makwao na kirusi mwilini. Mtu aliyechanjwa ipasavyo ni nadra sana kuupata ugonjwa huu. Ninachojifunza hapo ni kwamba cheti kinaweza kudaiwa na watu wakapita bila kinga.

Na sisi tunajua wanavyopita, maana hata huku kwetu Tanzania kadi ya njano, yaani cheti hicho cha chanjo, tumeigeuza kuwa karatasi ya kumwonyesha afisa tu. Mtu anakata tiketi ya Kampala au Bujumbura leo, anasafiri kesho alfajiri, na usiku ndio anakumbuka kadi. Kishoka anamwambia: nipe jina na namba ya pasi, asubuhi unayo. Asubuhi anaipata kweli, imeandikwa jina, tarehe na namba ya chanjo, na imegongwa mhuri. Dereva wa lori la kwenda Lubumbashi naye anaambiwa hivyohivyo, pamoja na utingo wake. Wanavuka Tunduma, wanavuka Kasumbalesa, wanalala ndani ya lori madirisha wazi kwa ajili ya joto, na kadi iko mfukoni. Mbu wa Kongo hasomi kadi.

Sisemi wanaonunua ni watu wabaya. Wengi wao walijaribu kufuata njia iliyonyooka wakachoka. Ulifika kituoni ukaambiwa leo hatuchanji, njoo siku fulani, na wewe safari yako ni kesho. Ukahisi unazungushwa ili utoe kitu kidogo. Pengine kweli kuna mahali mtu huzungushwa. Lakini ipo sababu nyingine ambayo wengi wetu hatujaelezwa, nayo imo ndani ya kichupa cha chanjo.

Chanjo ya homa ya manjano huja ikiwa unga mkavu kwenye kichupa kidogo cha kioo, na huhifadhiwa kwenye ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8. Muuguzi huuchanganya na maji yake maalumu, na tangu hapo saa zinaanza kuhesabika: ndani ya saa 6 dozi zote ziwe zimetumika, zikibaki zinamwagwa. Vichupa vingi vina dozi 10, vingine 5. Ukienda peke yako, muuguzi anatazama kichupa cha watu 10 na mtu mmoja mbele yake, na anajua duniani chanjo hii si tele. Mwaka 2016 ilipungua kiasi kwamba wakazi wa Kinshasa walichomwa moja ya tano ya dozi ya kawaida ili itoshe watu wote. Ndiyo maana vituo vingi hupanga siku maalumu za kuchanja, ili watu wakusanyike kwanza.

Basi tukusanyike wenyewe. Hilo ndilo ombi langu kubwa katika barua hii. Wafanyabiashara wa Kariakoo mnaopeleka mzigo Kongo, mna vikundi vya kukopeshana na kuzikana. Mwulizane nani ana chanjo na nani ana kadi tu. Wasiochanjwa wakifika 10, katibu wa kikundi apige simu kituoni, aulize siku, mwende pamoja. Madereva wa malori na mabasi mfanye hivyo na utingo wenu, na matajiri wenye magari walipe ada ya chanjo kama wanavyolipa bima ya gari. Kwaya inayokwenda kuhubiri Bukavu iende kuchanjwa siku moja, ikiongozwa na mwalimu wake. Wanafunzi wanaokwenda kusoma Uganda, na wazazi wao, wasisubiri wiki ya kufungua chuo.

Jambo la kuzingatia ni siku 10. Kwa kanuni za kimataifa cheti huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujijengea kinga. Anayechomwa leo na kusafiri kesho hana tofauti kubwa na aliyenunua kadi. Baada ya hapo sindano ni moja tu maishani. Zamani tuliambiwa kila baada ya miaka 10 turudie, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kile kilichoandikwa miaka ya nyuma. Mtu akikwambia kadi yako ya 2009 imekwisha muda, usikubali kutoa fedha kwa ajili ya nyingine. Angalia tu kwamba jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasi, na kwamba tarehe, namba ya toleo la chanjo, saini na mhuri vipo.

Chanjo yenyewe haina ugeni. Kirusi kilichozaa chanjo hii kilitolewa mwaka 1927 kwenye damu ya Mghana mmoja aliyeitwa Asibi, ambaye aliugua akapona. Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, na wenzake walikidhoofisha kirusi hicho kwenye maabara hadi kikawa chanjo mwaka 1937, na Theiler akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Naona fahari kulisema hili, kwa sababu nasikia watu wakiiita dawa ya wageni.

Sasa niseme na ninyi msiosafiri, mnaodhani haya hayawahusu. Tanzania haina historia ya milipuko ya homa ya manjano, na kwa sababu hiyo watoto wetu hawachanjwi kliniki. Maana yake ni kwamba karibu sote tuko wazi. Na mbu tunaye. Yule anayeeneza dengue, mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana, ndiye huyohuyo anayebeba homa ya manjano mijini. Dar es Salaam ilimfahamu vizuri mwaka 2014, ikamfahamu tena 2019, wakati dengue ilipoingia nyumba kwa nyumba. Hajaondoka. Bado anazaliana kwenye matairi chakavu, madumu yaliyokatwa, vifuu vya nazi na ndoo za maji tunazoacha bila mfuniko. Kinachokosekana ni kirusi, na kirusi husafiri ndani ya damu ya mtu. Majirani zetu wameshaonja: Kenya ilitangaza mlipuko kaunti ya Isiolo Machi 2022, na Uganda imepata milipuko zaidi ya mara moja tangu 2010. Kirusi hiki hakiwezi kung'olewa kabisa, kwa kuwa kinaishi pia ndani ya nyani na ngedere wa misituni.

Kwa hiyo ndugu yako akirudi safari na homa, msikimbilie kumaliza na dawa mseto. Ugonjwa huanza siku 3 hadi 6 baada ya kuumwa na mbu: homa ya ghafla, kichwa, mgongo kuuma, kichefuchefu, mwili kuchoka. Nani kati yetu hatasema ni malaria? Wengi hupata nafuu baada ya siku 3 au 4 na yanaishia hapo. Wachache hupata nafuu ya siku moja tu, kisha homa inarudi kwa nguvu, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi, wanatapika damu. Katika hao waliofika hatua hiyo, karibu nusu hufa ndani ya siku 7 hadi 10. Hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe; hospitali humsaidia mgonjwa kwa maji, damu na uangalizi wa figo na ini.

Mpelekeni hospitali mapema, na jambo la kwanza kumwambia daktari liwe alikotoka na siku aliyorudi. Msimpe aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Siku zile za kwanza za homa alale ndani ya chandarua hata mchana, kwa sababu ndizo siku ambazo mbu akimuuma hubeba kirusi na kumpelekea jirani.

Wapo ambao sindano hii haiwafai, na wasilazimishwe: watoto wachanga chini ya miezi 6, wenye mzio mkali wa mayai, na wenye kinga ya mwili iliyoshuka sana. Wajawazito, wanaonyonyesha, waliozidi miaka 60 na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waongee na daktari kwanza. Asiyefaa kuchanjwa huandikiwa barua rasmi ya kusamehewa. Barua hiyo si kinga, kwa hiyo kama safari inaweza kuahirishwa, aiahirishe. Na huko aendako, nguo za mikono mirefu na dawa ya kufukuza mbu vinahitajika tangu asubuhi. Na kudaiwa cheti hakuishii Afrika: India, ambako wengi hupeleka wagonjwa wao, ina mbu wengi na haijawahi kuwa na ugonjwa huu, na hailegezi: anayetoka nchi yenye homa ya manjano bila cheti huweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Fikiria ni mgonjwa wa moyo anayesubiriwa hospitali.

Wenye mabasi na mawakala wa tiketi za nje, anzeni kumwuliza abiria siku anapoweka nafasi, si siku ya kuondoka: umechanjwa lini? Andikeni kwenye tiketi zenu kituo cha karibu cha kuchanja. Viongozi wa afya wa mikoa, bandikeni siku za kuchanja na ada halali stendi, bandarini na kwenye magulio ya mipakani, ili mwananchi asiipate habari hiyo kwa kishoka. Maafisa wa mipakani, mnayemkuta na kadi ya kununua, mpelekeni achanjwe kwanza, halafu mwulizeni nani alimwuzia. Na wewe uliye nayo mfukoni na unajua hukuchomwa sindano, tafuta wenzako tisa wiki hii.