Kabla hujatupa kanda za mama, sikiliza albamu hizi

Mwezi uliopita tulihama nyumba hapa Maskati, na kazi ya kusafisha stoo ikaniangukia mie. Ndani ya kopo la maziwa ya unga nikakuta kanda za marehemu mama: taarabu, harusi, na salamu kutoka Unguja za zama zile simu ghali, watu wakirikodi barua zao kwenye kaseti. Nyingi zimeharibika kwa joto, utepe umejikunja kama jani kavu. Mwanangu akauliza, "Baba, si tutupe tu? Nani ana redio kaseti siku hizi?"

Sikumjibu. Jioni tukiwa garini nikamwekea John Coltrane.

Albamu inaitwa Both Directions at Once. Coltrane, mpiga saksofoni wa Marekani, aliirikodi na wenzake watatu kwa siku moja tu, tarehe 6 Machi 1963, katika studio ya Van Gelder huko New Jersey. Haikutolewa. Kanda ya kampuni ikapotea, na inaaminika iliharibiwa ili kupunguza mzigo ghalani. Coltrane akafariki 1967. Kilichookoa kazi ile ni nakala aliyokwenda nayo nyumbani; ilibaki kwa mkewe wa kwanza, Naima, na jamaa zake wakaitunza. Ikatoka 2018, miaka 55 baadaye. Zimo nyimbo mbili zisizokuwa hata na jina, zimepewa namba tu. Anzeni na ile ya 11383, pale mpiga besi anapoacha kudonoa nyuzi akazipiga kwa upinde kama fidla.

Ya pili ni ya Coltrane na mpiga piano Thelonious Monk, ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 29 Novemba 1957. Redio ya serikali, Sauti ya Amerika, iliwarikodi, kisha kanda ikakaa kimya mpaka 2005, Larry Appelbaum wa Maktaba ya Bunge la Marekani alipoikuta. Mwaka huohuo ikatolewa. Piano ya Monk inasita, inaruka, unadhani amekosea, kumbe anajua anakokwenda.

Kwa nyumba zetu, mtu wa kumsikiliza humo ni mpiga besi, Ahmed Abdul-Malik, Mwislamu aliyezaliwa Brooklyn. Huyu bwana alipiga udi pia. Mwaka 1958 akatoa Jazz Sahara, ambayo imerudi sokoni zaidi ya mara moja. Kuna udi, ganuni, fidla na dumbaki, halafu inaingia saksofoni ya Johnny Griffin. Msitarajie Umm Kulthum. Kwa masikio yangu kuna pahala saksofoni na ganuni hazikai vizuri pamoja. Lakini sikilizeni "Isma'a", kisha mniambie kama wazee wetu waliolelewa na taarabu wangejiona wageni.

Ya nne inaitwa Palo Alto. Mwaka 1968 mwanafunzi wa miaka 16, Danny Scher, alimwalika Monk kupiga shuleni kwao California. Msafishaji wa shule akakubaliana naye: yeye ataiweka sawa piano, na aachiwe arikodi. Kanda ikalala kwa Scher miaka na miaka, ikatoka 2020. Ni muziki mchangamfu, na pahala pazuri pa kuanzia kwa mtu anayeona jazi ni kelele.

Wapenzi wa soul wasinune. Watafute You're the Man ya Marvin Gaye, kazi za 1972 zilizokusanywa kuwa albamu 2019. Sauti ni ileile laini, ila anazungumza siasa waziwazi.

Sasa rai yangu. Katika albamu hizi, mbili zipo kwa sababu nakala ilikaa kwenye nyumba ya mtu, na moja kati ya hizo ilirikodiwa na msafishaji wa shule. Kuna watakaosema Coltrane ni Coltrane, na sisi tuna mashangazi waliokuwa wakiimba harusini tu. Lakini siku ile nani alidhani kanda ya msafishaji itauzwa duniani? Kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, imekuwa ikitoa mfululizo wa Zanzibara tangu 2005, na watu wa mbali wananunua taarabu yetu. Kampuni hizo hutoa kilichosalimika. Kilichoyeyuka stoo ya Ruwi au Seeb hakuna wa kukirudisha.

Najua pia kuna suala la sitara. Kanda za shughuli za wanawake hazikurikodiwa ili zisikike na kila mtu, na si halali kuzimwaga mtandaoni. Mie sisemi mzitangaze. Zihifadhini, na wenye sauti zao, au watoto wao, ndio waamue nani asikie.

Kazi yenyewe haina makuu. Zitoeni kwenye joto, hasa stoo za juu ya dari. Tafuteni redio kaseti nzima na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Utepe uliojikunja usiulazimishe kwenye mashine, mpelekee fundi. Andikeni nani anaimba, wapi, mwaka gani, na muulizeni bibi leo, maana yeye ndiye anayezitambua sauti zile. Nakala moja ibaki kwako, nyingine apewe ndugu wa nchi nyingine.

Kwetu zimesalimika kanda kumi na moja. Katika moja, mama anacheka kabla hajaanza kusoma salamu. Mwanangu ndiye anayezihamisha sasa, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana.