Mshike Mkono, Mnashuka Chini

 

Kila msimu wa harusi ukianza, barua zinazonifikia mezani huwa na swali moja: da' mhariri, fungate twende wapi? Na sisi tunajibu yale yale, ufukweni, mbugani, halafu ufukweni tena. Safari hii nabadili upepo. Kuna sehemu duniani ambazo ili uzione lazima uliache jua nyuma, ushuke ngazi na umshike mwenzio mkono, si kwa mahaba tu, bali usije ukateleza. Nazungumzia chini ya ardhi.

Iliyoniteka moyo ni Wieliczka, mgodi wa chumvi ulio nje kidogo ya jiji la Kraków, huko Poland. Watu wameuchimba tangu karne ya 13, na uchimbaji wa kibiashara ulikoma mwaka 1996. Njia zake zikiunganishwa zinapita kilomita 240! Mgeni haonyeshwi hata robo yake, lakini hiyo hiyo inatosha kukufanya ulale unaota chumvi. Mita 101 chini ya ardhi kuna kanisa la Mtakatifu Kinga. Sakafu ni chumvi, altare ni chumvi, picha za Biblia ukutani zimechongwa kwenye chumvi, na hata yale mataa makubwa yanayoning'inia yamepambwa kwa fuwele za chumvi. Kazi ilianza 1896 na ikachukua zaidi ya miaka 60, nayo hawakuifanya mafundi walioagizwa kutoka Roma. Wachongaji wakuu walikuwa wachimbaji wa mgodini, ndugu wawili wa ukoo wa Markowski na mwenzao Antoni Wyrodek. Watu hufunga ndoa humo, mashosti, kwa hiyo anayetaka harusi isiyofanana na ya jirani anajua pa kuanzia.

Huyo Kinga naye ana kisa chake. Alikuwa binti wa Béla IV, mfalme wa Hungaria, akaposwa na Bolesław aliyetawala Kraków. Hekaya inasema hakutaka dhahabu ya kupeleka ukweni, alimwomba baba yake chumvi. (Huko mali ilitoka kwa bibi harusi, kwa hiyo wajomba zangu msianze kunipigia simu.) Baba akampa mgodi, na Kinga akavua pete ya uchumba akaitumbukiza humo. Alipofika Poland akawaambia watu wachimbe. Wakatoa bonge la chumvi, walipolipasua wakaikuta pete. Baada ya hapo wanandoa hao waliweka nadhiri ya kuishi bila kukutana kimwili, na Bolesław akabaki na jina la Mwenye Haya. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Kinga mtakatifu mwaka 1999. Kwa nadhiri hiyo ukurasa huu hauna ushauri wowote!

Mkienda, visigino virefu viacheni hotelini. Ziara nzima ina ngazi kama 800, ingawa kupanda kurudi juu ni kwa lifti. Bebeni na sweta, maana kule chini joto ni nyuzi 17 au 18 hivi.

Hapa nyumbani tuna mapango ya Amboni, Tanga, kilomita chache kutoka mjini. Haya hayakuchimbwa na mtu, ni maji yaliyokula mawe ya chokaa kwa mamilioni ya miaka. Wasimuliaji watakuambia pango linatokea Mombasa, wengine watasema Kilimanjaro, na ipo hadithi ya wapenzi wa Kizungu walioingia na mbwa wao wasionekane tena, akatokea mbwa peke yake mbali kabisa. Wataalamu walipoyapima mwaka 1994 walikuta refu kuliko yote lina kama mita 900. Hadithi bado ni tamu.

Pale niliona kitu ambacho sijakisahau. Binti mmoja aliyekuja na mchumba wake alisimama mlangoni, jasho linamtoka, hataki kuingia. Kijana akaanza: "Acha ushamba bwana, watu wanatuangalia." Akamvuta mkono. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akamwambia taratibu, "Mwanangu, giza la humo halilazimishwi. Mwache akae na mimi, wewe nenda ukatazame, utamsimulia." Kijana akaingia peke yake, huku binti akipewa kigoda. Sijui ndoa yao iliishia wapi, ila wasichana wanaoniandikia "nitamjuaje kama ananijali?" nawaambia wamwangalie mtu wakati wao wanaogopa. Kuna watu ambao sehemu iliyobana huwakaba roho kweli, si maringo. Muulize mwenzio kabla ya kulipa kiingilio.

Swali hilo ni la lazima zaidi mkifikiria Derinkuyu, Uturuki, kwa sababu njia zake nyingine ni za kuinama. Huu ni mji mzima chini ya ardhi, wenye kina cha kama mita 85. Mwaka 1963 mtu mmoja alikuwa akikarabati nyumba yake, akabomoa ukuta, akakuta chumba nyuma yake, na nyuma ya chumba njia, na njia ikaendelea. Kuna mazizi, visima, sehemu za kukamulia zabibu, kanisa na matundu ya kuingizia hewa. Inakadiriwa watu hadi 20,000 wangeweza kujificha humo pamoja na mifugo yao. Vita vikija, waliviringisha jiwe la duara kama la kusagia wakaziba njia, na jiwe hilo liliwekwa liweze kusogezwa kutoka upande wa ndani.

Hilo jiwe ndilo linalonirudisha Mangapwani, Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa, na masoko yakafungwa. Kuna waliokataa kuacha. Mangapwani, kaskazini ya mji, kikachimbwa chumba ndani ya jiwe la matumbawe, kikaezekwa juu ili biashara iendelee kwa kificho. Derinkuyu waliofunga mlango walikuwa ndani, wakilinda watoto wao. Mangapwani aliyefunga alikuwa nje. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 tu, miaka 24 baadaye.

Nilipokwenda na mume wangu tulikuta maharusi wapya, hina bado mbichi mikononi, wanapigwa picha kwenye zile ngazi. Kumbusu, kubebana, vicheko. Kijana aliyekuwa akitutembeza alinyamaza akawasubiri wamalize, kisha akaniambia, "Dada, wengi hawaulizi hapa palikuwa nini." Wale maharusi walipomsikia akitusimulia walisogea, wakasikiliza, na bi harusi akajifunika mtandio vizuri akakaa kimya hadi tulipotoka.

Kwa hiyo sisemi msiende. Nendeni, tena mtangulize swali kwa anayewatembeza. Msipachanganye na pango la asili la Mangapwani, lililo jirani, hilo ni jingine na lina maji yake baridi. Kwenye chumba cha watumwa simu zikae mfukoni. Mkitoka, bahari iko hatua chache tu, mchanga mweupe, jua la kutosha. Bebaneni huko mpaka mchoke, na picha nzuri kuliko zote nitumieni.