Tusifunge wazee wetu mu kiti

Kila mwisho wa mwezi feza zinaingia mu simu za wazee wetu. Mutoto anafanya kazi Kolwezi ao Fungurume, anatuma, muzee anapokea na kusema aksanti, mutoto analala roho imetulia. Mimi pia nilikuwa nalala hivyo, mpaka siku nilifika nyumbani Likasi nikakuta baba anashika ukuta juu ya kutoka chumbani mpaka barazani. Mutu aliyepanda ngazi za usine miaka makumi tatu!

Hakukuwa na ugonjwa mukubwa. Munganga alituuliza swali moja: "Kwa siku anatembeaka wapi?" Tukaangaliana. Shamba tulimukataza, eti heshima, watu wasiseme watoto banamuacha na jembe. Maji, wajukuu wanamuletea. Bukari inafika mbele yake. Hata redio, mutoto anamufungulia. "Kaa tu, Papa, pumuzika." Miaka mbili ya kupumuzika njo ilimaliza magoti yake.

Tuseme wazi: nyama za mwili zisipofanya kazi zinapungua, na kwa muzee zinapungua mbio, majuma machache ya kulala kitandani yanatosha. OMS inashauri wazee watembee ao wafanye kazi ya mwili kiasi, walau dakika 150 kwa juma, na mazoezi ya kusimama imara siku 3, ili wasianguke. Dakika 150 haiko mambo ya stade. Ni nusu saa ya kwenda soko na kurudi, siku tano.

Lakini hakuna muzee anatembea juu ya OMS. Anatembea kama kuko mutu anamungojea, na hapa njo tunakosea zaidi. Mu mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines na ile "départ volontaire". Feza yao inazungumuzwa mpaka leo, na ni haki. Kile hatuzungumuzi ni zile asubui: kuamka saa moja na jirani, kushika njia ya kazi pamoja, mupira siku ya yenga, wamama mu foleni ya posho. Vyote vile vilikuwa vinatembeza watu. Vilipokwisha, kila mutu alibakia mu lupango lwake.

Wamama kidogo wanapona. Wanazeeka na miguu yao: soko, kanisa, matanga. Hatuwaambii wakae, juu nani atapika?

Kuko wenye kunijibu: "Bazee balichoka, mine ilivunja migongo, vumbi iko mu kifua, unataka bateseke tena?" Hapana. Mwenye kifua kigonjwa ao mwenye kuanguka-anguka aonwe na munganga kwanza. Na munganga ni feza, najua. Mara nyingi kazi inatunza bibi na watoto, muzazi hayuko ndani. Sindika ingeweza kuweka hii neno juu ya meza, pamoja na ya mishahara. Lakini kumupeleka baba kwa rafiki yake hakuombi mukataba.

Wewe mwenye kazi ya zamu, ukirudi nyumbani na siku zako za mapumuziko, usikae naye mbele ya televizyo ukasema ulimutembelea. Mutembee. Umuulize rafiki yake wa zamani anaishi wapi, muende pole pole. Kwetu, rafiki wa baba alikuwa avenue ya pili tu, na hawakuonana karibu mwaka muzima. Kila mumoja alifikiri mwingine njo alimusahau. Mujukuu alitembea kando ya baba bila kumushika mukono, tayari tu. Siku ya kwanza walisimama mara tatu, mara moja kwa benchi ya mama wa kuuza makala, na ile pale ilikuwa na habari nyingi. Kisha wakaanza dama. Tukamurudishia pia mistari miwili ya lenga-lenga nyuma ya nyumba, na sasa anatugombeza juu ya maji, kwamba tunamwanga vibaya.

Feza tunaendelea kutuma. Juma lililopita nilipiga simu saa ine ya asubui, ikalia, ikalia, hakuna mutu. Nilipiga tena, moyo ukaanza kupiga nao. Mama njo alishika: "Simu aliacha kitandani. Hayuko. Alienda kwa mwenzake, na fimbo hakubeba."