Lumbesa Haina Dini

Wapo wahadhiri wakeshao wakibishana dini ipi ina maadili bora. Na waende Ilula, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu, zitokako nyanya na vitunguu tulavyo huku pwani. Gunia la vitunguu hujazwa, kisha huongezwa kilemba juu yake: lumbesa! Mkulima hulipwa bei ya gunia moja.

Qur'ani ina sura nzima juu ya wapunjao, Al-Mutaffifin. Mambo ya Walawi, mlango wa 19, yakataza kipimo cha hila. Wafuasi wa Buddha nao wamekatazwa. Vitabu havikuhitilafiana hapo.

Mkristo akipunja, twailaumu dini yake. Akipunja Muislamu mwenzetu, twasema ni biashara. Enyi wahadhiri, mbona hilo hamlijibu?